Hesabu ya Mwenye Kete Chache

Katika bao la Kiswahili kuna sheria ambayo mgeni huchelewa kuielewa. Mchezaji anaweza kuwa na kete nyingi ubaoni na bado akawa amefungwa. Zikiwa zote zimelala safu ya nyuma na ya mbele imebaki tupu, mchezo umekwisha. Hata safu ya mbele ikiwa na kete, kama mmeshafika hatua ya mtaji na kila shimo lako lina kete moja tu, umekwisha vilevile, kwa sababu kete moja haianzishi mwendo. Shimo linatakiwa liwe na mbili au zaidi. Ubao una mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 32, na 22 kati ya hizo hukaa ghalani akizinamua, yaani kuziingiza ubaoni, moja moja. Hakuna dadu wala karata iliyofichwa, kila kitu kiko mbele ya macho. Kwa hiyo anayeshindwa bao hashindwi na bahati mbaya. Hushindwa na kete ambazo bado anazo lakini haziwezi tena kufanya kazi. Na lugha yetu imeliona jambo hili zamani, maana hatua hiyo ya pili ya mchezo inaitwa mtaji, neno lile lile ambalo mkulima hulitaja anapohesabu fedha za mbegu, dawa na vibarua.

Mtaji mdogo ni habari ya kila siku Mlali, ile ya wilaya ya Mvomero iliyo chini ya miteremko ya magharibi ya Milima ya Uluguru, kwenye njia ya kupandia Mgeta. Ni nchi ya mboga na nyanya, na nyanya ni zao linalotaka fedha mapema na kulipa baadaye, likilipa. Kwa hiyo swali la mwenye kidogo huulizwa pale kila msimu: akicheze kidogo chake, akitunze, akigawe, au angoje? Wahenga wametuachia majibu mawili yanayogombana. Subira yavuta heri, husema mmoja. Ngojangoja yaumiza matumbo, hujibu mwingine. Tumezoea kuchagua methali inayolingana na hali ya moyo siku hiyo. Lakini ugomvi huu unaweza kuamuliwa kwa hesabu, na waliouchambua kwa ukali kuliko wengi wako mbali kabisa na Mlali: ni wachezaji wa mashindano ya karata yaitwayo poka. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba kidogo kina muda wake. Kuna kipindi ambacho mtaji mdogo bado una nguvu ya kufanya kitu, na uamuzi lazima ufanyike ndani ya kipindi hicho, mara moja na kwa ukamilifu. Hesabu hiyo hiyo, ikifuatwa hadi mwisho, inaonyesha pia ni michezo gani mwenye kidogo asiiguse hata kwa kidole.

Kwanza tuelewe mchezo wenyewe. Katika aina ya poka inayochezwa zaidi leo, kila mchezaji hupewa karata mbili asizowaonyesha wenzake, kisha karata tano hufunuliwa mezani zitumiwe na wote. Kati ya hatua na hatua wachezaji huweka dau. Anayeona dau limemzidi hutupa karata zake na kujitoa. Anayebaki hulipia au hupandisha. Zipo njia mbili za kuchukua kitita kilicho katikati: kuwa na karata bora mwishoni, au kuwafanya wengine wote wajitoe kabla ya mwisho. Njia hii ya pili tuishike vizuri, maana ndiyo kiini cha yote yanayofuata. Katika mashindano kila mtu hulipa kiingilio sawa na kupewa idadi sawa ya vipande vya plastiki, ambavyo nitaviita kete. Kete hizo hazibadilishwi kuwa fedha katikati ya mchezo. Ukizimaliza umetoka. Wanaodumu hadi karibu na mwisho ndio wanaogawana zawadi, na wa kwanza huchukua fungu kubwa.

Ili mtu asikae tu akingoja karata nzuri mpaka wengine wamalizane, kuna madau ya lazima. Kila mgao wa karata, wachezaji wawili huweka kiasi kilichopangwa kabla hawajaziona karata zao, na zamu hiyo huzunguka meza. Tena madau hayo hupandishwa kila baada ya muda. Kukaa kimya basi kuna bei, na bei inapanda. Mwanahisabati Paul Magriel alibuni kipimo chepesi cha hali hii: gawanya kete zako kwa jumla ya madau ya lazima ya mzunguko mmoja, upate idadi ya mizunguko unayoweza kuishi bila kucheza. Dan Harrington, bingwa wa dunia wa mwaka 1995, alikieneza kipimo hicho katika kitabu chake cha mwaka 2005 na kukigawa kwa rangi. Mwenye mizunguko zaidi ya 20 yuko kwenye kijani, anaweza kucheza atakavyo. Kati ya 10 na 20 ni njano, tahadhari. Kati ya 6 na 10 ni rangi ya chungwa. Ikiwa 5 kushuka hadi 1 ni nyekundu, na chini ya mmoja mchezaji ni maiti inayopumua. Kilichobadilika kutoka rangi hadi rangi si ubora wa karata. Mtu ni yule yule na karata ni zile zile, lakini idadi ya mambo anayoweza kuyafanya inapungua.

Tuuone mfano mmoja kwa karibu. Madau ya lazima ni 100 na 200, na mchezaji amebaki na kete 2,000. Wote waliotangulia wamejitoa, wamebaki wawili tu walioweka madau ya lazima. Karata zake ni za wastani. Anasukuma kete zote 2,000 katikati. Tuchukulie kwamba mara 70 kati ya 100 wale wawili watajitoa, kwa sababu hawataki kuhatarisha 2,000 kwa karata za kawaida, naye ataokota 300 bila kufunua chochote. Mara 30 zilizobaki mwenye dau la 200 atamlipia, na akilipiwa atashinda mara 35 tu kwa kila 100, kwa kuwa anayelipia kwa kawaida ana karata bora. Piga hesabu: mara 70 za kuokota 300 humpa wastani wa 210. Mara 30 za kupambana humgharimu wastani wa karibu 170. Anabaki na faida ya kama kete 40 kwa kila jaribio, ingawa kila anapolipiwa anaingia akiwa mnyonge. Sasa mweke mtu huyo huyo, na karata hizo hizo, akiwa amesubiri mpaka amebakiwa na kete 400. Akizisukuma, nani atamwogopa? Mwenye dau la 200 anatakiwa kuongeza 200 tu. Tuseme watajitoa mara 10 kati ya 100. Kwa hesabu ile ile anapata hasara ya zaidi ya kete 45 kila jaribio. Hata akishinda, amefika 900, bado yuko kwenye nyekundu.

Hapa ndipo methali zetu mbili zinapopatana. Mwenye kete 2,000 alikuwa na silaha mbili, karata zake na hofu ya wenzake. Mwenye 400 amebaki na moja. Silaha ya pili haikunyang'anywa na mtu, ililiwa na kungoja. Subira ni haki ya mwenye mizunguko 20, kwake kila karata anayoitupa ni gharama ndogo ya kutafuta nafasi bora. Kwa mwenye mizunguko 6, subira ile ile ni uamuzi wa kupoteza polepole, na ubaya wake ni kwamba haina siku inayouma. Hakuna mgao mmoja anaoweza kuunyooshea kidole na kusema hapa ndipo nilipoanguka. Ndiyo maana wachezaji wazuri hawajiulizi kama wana karata za kutosha kabla hawajajiuliza wana muda wa kutosha.

Kuna kosa jingine ambalo wanaoanza hulifanya wakidhani ni busara, nalo ni kuingia nusu. Mwenye kete 2,000 huweka 600, akiona kwamba ameonyesha ujasiri na bado amejiwekea akiba ya 1,400. Mpinzani anapandisha. Sasa afanye nini? Akijitoa, ametupa karibu theluthi ya uhai wake bila kuona hata karata moja ya mezani. Akiendelea, anaweka zote kwa wakati aliouchagua mpinzani, na silaha ya kutisha imekwenda upande wa pili. Ndiyo sababu kanuni ya mwenye kete chache inafupishwa hivi: tupa karata au weka zote. Wasioijua huiona kanuni hii kama wazimu wa mcheza kamari. Kwa kweli ni nidhamu, kwa sababu humlazimisha mtu afanye kazi yote ya kufikiri kabla ya kuingia. Akishaingia hakuna tena nafasi ya kujidanganya.

Wapo watakaopinga kwa kisa cha Jack Straus. Mwaka 1982, katika mashindano ya dunia ya poka huko Las Vegas, Straus alidhani amepoteza kete zake zote, kisha ikaonekana amebakiwa na moja ya dola 500. Kwa kuwa hakuwa ametamka kwamba anaweka zote, aliruhusiwa kuendelea. Akatoka pale hadi kuwa bingwa kati ya washiriki 104, na zawadi ya dola 520,000. Tangu hapo wachezaji husema kwamba aliyebakiwa na kete moja na kiti cha kukalia bado yumo. Basi kwa nini tuogope kungoja hadi kete ya mwisho? Jibu ni kwamba kisa hicho kinakumbukwa kwa miongo minne kwa sababu ni nadra. Katika mashindano ya miaka yote hiyo, maelfu kwa maelfu walifikia kete moja wakatoka dakika chache baadaye, na hakuna aliyewatungia msemo. Kisa cha Straus kinatufundisha kutokata tamaa tukishafika chini. Hakitufundishi kuchagua kufika chini.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka ndani ya hesabu yenyewe. Katika mashindano kete si fedha, na kete ya mwisho ina thamani kuliko ya kwanza. Tuseme wamebaki wachezaji watatu, zawadi ni 50, 30 na 20 kwa kila 100 ya mfuko. Mmoja ana nusu ya kete zote, wawili wana robo kila mmoja. Kwa njia ya hesabu inayotumika sana katika poka, iliyojengwa juu ya kazi ya David Harville ya mwaka 1973 kuhusu mbio za farasi, mwenye nusu ya kete hana nusu ya fedha. Ana kama 38 tu. Mwenye robo ana karibu 31, zaidi ya robo. Sasa wale wawili wenye robo wakipambana kwa kila walichonacho, atakayeshindwa anaondoka na 20, na atakayeshinda ataingia fainali akiwa na thamani ya 40. Kwa hiyo anahatarisha karibu 11 ili apate kama 9. Nafasi ya nusu kwa nusu haimtoshi, anahitaji kushinda zaidi ya mara 54 kati ya 100 ndipo pambano limlipe. Na nani anayefaidika bila kuinua mkono? Yule wa tatu anayetazama. Kwa hiyo ni kweli, kuishi kuna thamani yake, na anayekurupuka kila apatapo nafasi hajaelewa. Lakini pingamizi hili halivunji hoja yetu, linainoa. Linasema uchague yupi wa kumsukuma: sukuma anayeweza kujitoa, na usimtafute asiyeweza kurudi nyuma.

Wala jambo hili si la karata tu. Mwaka 1980 Thomas Caraco na wenzake walichapisha utafiti juu ya ndege wadogo wa Amerika wanaokula mbegu. Waliwapa chaguo mbili: kituo chenye idadi ile ile ya mbegu kila mara, na kituo ambacho mara kina nyingi, mara hakina kitu, wastani ukiwa sawa. Ndege waliokuwa wakipata chakula cha kuwatosha siku hiyo walipendelea kituo cha uhakika. Ndege ambao chakula chao hakikuwa kinatosha waligeuka wakapendelea kile cha kubahatisha. Ndege mwenye njaa hana ujinga. Kama uhakika wenyewe ni wa kufa kabla ya alfajiri, nafasi ndogo ya kushiba ni bora kuliko hakika ya kutoshiba. Wanahisabati Lester Dubins na Leonard Savage walikuwa wamelithibitisha jambo la jamaa na hilo katika kitabu chao cha mwaka 1965: mtu anayelazimika kufikia kiasi fulani katika mchezo ambao umepangwa kumla, njia yenye nafasi kubwa zaidi ni kuweka kwa wingi. Mfano ni gurudumu la kasino lenye nafasi 37, ambapo rangi nyekundu ina 18. Mwenye shilingi 10,000 anayetaka 20,000 akiziweka zote mara moja ana nafasi ya karibu asilimia 49. Akiziweka elfu moja moja mpaka zifike 20,000 au ziishe, nafasi yake inashuka hadi kama asilimia 37. Kila mzunguko wa ziada ni nafasi nyingine kwa kasino kuchukua ushuru wake.

Ni hapa ambapo somo hili linaweza kupotoshwa, na ni lazima lisemwe waziwazi kwa sababu vijana wengi wa Tanzania wanaishi katikati ya upotoshaji huo. Mtu aliyebakiwa na elfu mbili anaweza kusoma aya iliyopita na kusema, basi niweke zote kwenye mkeka wa kubashiri timu kumi, maana nimefundishwa kwamba mwenye kidogo aweke kwa wingi. Atakuwa amesahau nusu ya hesabu. Nguvu ya mwenye kete 2,000 katika mfano wetu ilitoka kwa wapinzani waliokuwa na uwezo wa kujitoa. Ondoa hofu yao, karata zile zile zinageuka hasara. Sasa jiulize, ukiweka mkeka, nani anajitoa? Ukitumbukiza sarafu kwenye mashine ya kamari kijijini, nani anatupa karata zake kwa kukuogopa? Mashine haiogopi. Kampuni haijui kama fedha yako ni ya mwisho au ya kwanza, na ingejua isingebadilisha bei. Mkeka wa timu kumi, hata ukichagua kila timu kwa umahiri kiasi cha kuipatia asilimia 60, unakamilika mara moja tu katika takribani mara 165. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha husimamia biashara hii kwa Sheria ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza, lakini usimamizi haubadilishi hisabati. Jina lenyewe la kitabu cha Dubins na Savage lina sharti: kama huna budi. Mwenye budi, yaani mwenye njia nyingine yoyote, ushauri kwake ni mfupi kuliko wote: usicheze.

Je, mkulima wa Mlali ana budi? Shamba si kamari, lakini lina madau ya lazima. Chakula cha nyumbani, sare za shule, kodi ya shamba kwa asiye na lake: hayo hutoka mfukoni kila wiki awe amelima au hajalima. Tuseme mtu ana shilingi 600,000 baada ya mavuno, na nyumba inatumia 40,000 kwa wiki. Kwa kipimo cha Magriel ana mizunguko 15, yuko kwenye njano. Akikaa wiki tisa akingoja bei itulie au mvua ijitangaze, amebaki na 240,000, mizunguko 6. Hajafanya kosa lolote linaloonekana, ila sasa fedha haitoshi mbegu bora, mbolea na dawa kwa pamoja. Ndipo anapofanya kosa la pili, lile la kuingia nusu: anapanda eneo kubwa kwa matumaini kwamba fedha ya dawa itapatikana mbele ya safari. Nyanya huchukua miezi mitatu hadi minne tangu kitaluni hadi tenga la kwanza, na katikati ya safari hiyo kuna kantangaze, yule mdudu mwenye asili ya Amerika Kusini aliyeingia Tanzania mwaka 2014, ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda kutoka ndani. Shamba lisilo na fedha ya dawa mwezi wa pili ni sawa na zile kete 600 zilizowekwa kisha zikaachwa mezani. Kwa hiyo robo eka inayoweza kubebwa hadi mavuno ina nguvu kuliko eka nzima itakayoachwa njiani. Kuweka kwa wingi hakumaanishi kupanda eneo kubwa, ni kuhakikisha kwamba ulichoanza unacho cha kukimalizia.

Mtu makini atapinga hapa. Atasema aliyetolewa kwenye mashindano ya karata anakwenda kulala, kesho analipa kiingilio kingine. Mkulima aliyepoteza vyote amepoteza mlo wa watoto. James Scott, aliyeandika mwaka 1976 juu ya wakulima wa Asia ya Kusini-Mashariki, alieleza kwamba mkulima aliye ukingoni mwa njaa hatafuti faida kubwa. Anatafuta kwanza kutoshuka chini ya mstari wa uhai, na wataalamu waliomwita mzito wa kubadilika hawakuuona mstari huo. Ninakubali kabisa, na ndiyo sababu neno kete zote lazima lipewe mpaka. Hata mchezaji wa poka anayeheshimika hachezi kwa fedha ya pango. Kiingilio chake kimetengwa kabla hajakaa kitini, na akisema ameweka zote anamaanisha zote za mezani. Kwa mkulima, akiba ya mahindi ya kula na mbegu ya msimu ujao haviko mezani. Kinachobaki ndicho mtaji, na ni kwa hicho tu kanuni ya wakati na ukamilifu inatumika. Asiyechora mstari huo mapema atajikuta anauchora akiwa ameshauvuka.

Lakini tofauti kubwa kuliko zote kati ya meza ya poka na kijiji iko upande wa matumaini, na ni ajabu haisemwi. Katika poka ni marufuku wachezaji wawili wenye kete chache kuunganisha kete zao. Ni udanganyifu, na wakibainika hufukuzwa. Kila mtu afe na zake. Kijijini sheria hiyo haipo, na wanawake wa nchi hii waliligundua hilo bila kufundishwa na mtu. Wanaliita upatu, au kwa kifupi mchezo, na neno hilo halikukosewa. Watu kumi wakichanga 50,000 kila mwezi, kila mwezi mmoja wao anaondoka na 500,000. Aliyekuwa akijiwekea peke yake angefika kiasi hicho mwezi wa kumi. Ndani ya upatu, wa kwanza anakipata mwezi wa kwanza, wastani wa wote ni miezi mitano na nusu, na hata wa mwisho kabisa hakuchelewa kuliko ambavyo angechelewa peke yake. Wachumi Timothy Besley, Stephen Coate na Glenn Loury waliliandika hili kwa kanuni mwaka 1993, wakati kina mama walikuwa wanalijua siku nyingi. Upatu hauongezi hata shilingi moja kwenye jumla. Unachofanya ni kuzihamisha kete zilizotawanyika ziwe mahali pamoja kabla muda wake haujapita.

Ipo hatari, bila shaka. Aliyepokea mapema anaweza kuacha kuchanga, na mchezo ukavunjika mikononi mwa wa nyuma. Ndiyo maana upatu huchagua watu wanaojuana, zamu hupangwa kwa kuzingatia nani ana shughuli lini, na aliye na msimu wa kupanda hupewa kabla ya aliye na harusi ya mwakani. Huo nao ni ustadi wa kusoma meza: kujua nani atabaki na nani atajitoa. Vikundi vya kuweka na kukopa vya VICOBA vimeliongezea jambo hili daftari, hisa na sanduku lenye kufuli zaidi ya moja, ili uaminifu usibebwe na moyo peke yake. Kikundi cha namna hiyo kinampa mwenye mizunguko 6 kitu ambacho hakuna kitabu cha poka kinachoweza kumpa, yaani kuondoka kwenye rangi ya chungwa bila kulazimika kushinda pambano.

Turudi kwenye ubao wa bao. Mchezaji mzuri akiona mashimo yake yanaanza kubaki na kete moja moja, hangoji mpaka lililo la mwisho liwe hivyo. Angali na shimo moja lenye mbili au tatu, hulitumia hilo kukutanisha nyingine, kwa sababu anajua zamu ijayo huenda asiwe nalo. Kete zake hazijaongezeka, ila zimerudi kuwa mtaji.